Masika ya Baba Kunyamaza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa katika kipindi cha fasihi. Ilipiga mabati kwa kishindo hata mwalimu akaacha sentensi yake katikati, akageuka na kuandika ubaoni: "Andikeni shajara msimu huu wote. Hata mstari mmoja kwa siku. Msinidanganye." Mwalimu huyu tunamwita Nukta, kwa kuwa anayesahau nukta mwishoni mwa sentensi hukatwa alama. Nadhani anajua tunavyomwita, na nadhani anapenda.

Basi naanza. Kwetu tuko watatu. Mama ni mshonaji, cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha. Baba ana banda la sinema nyuma ya soko, lenye mabenchi, televisheni kubwa na deki. Filamu zote ni za kigeni. Baba hukaa kando ya televisheni akatafsiri kila kinachosemwa, papo kwa papo, akawa bibi harusi, akawa jambazi, akawa mtoto anayelia. Wateja humwita Mkalimani. Shuleni nikiulizwa kazi ya baba nasema ni mkalimani, na wenzangu wanadhani anavaa tai na kukaa kwenye mikutano ya marais. Bado sijawasahihisha.

Shangazi, dada yake Baba, hukaa mlangoni kupokea viingilio. Mimi Mama haniruhusu kwenda bandani. Anasema mahali pangu ni kwenye vitabu. Filamu za Baba nazijua kwa sababu hunisimulia wakati wa chakula. Leo alipokuwa akinisimulia sauti yake ilikuwa kama kiti kinachokokotwa sakafuni.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Sare yangu haikaukii popote.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi alikuja na habari. Kipaza sauti cha bandani kiliharibika tangu mwaka jana, kwa hiyo mvua ikipiga mabati inabidi Baba apige kelele kuishinda. Leo alikuwa akimtafsiri jenerali anayewahutubia askari kabla ya vita. Akasema, "Askari wangu," na sauti ikamkatikia, ikatoka ya kifaranga. Watu wakacheka, wakidhani jenerali ameingiwa na hofu. Baba akarudia, akatoka kifaranga mwingine. Wakapiga makofi. Hadi filamu inakwisha jenerali alikuwa mwoga na vita vimekuwa vichekesho.

Shangazi alisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia kaka yake. "Kaka," akasema, "Jumanne uende hospitali. Sikuombi."

Jumanne, 12 Machi

Daktari alimpitisha Baba waya mwembamba wenye kamera puani hadi kooni, na koo lake likaonekana kwenye kioo. Baba alipotoka alisema ni filamu fupi mbaya kuliko zote alizowahi kuziona, na tena haikuwa na mwisho.

Kuna kinundu kwenye nyuzi za sauti. Kitakatwa, kipelekwe kupimwa, na majibu yatachukua muda. Baada ya hapo Baba asiseme neno kwa majuma mengi. Mama aliuliza kama anaweza angalau kunong'ona, na daktari akasema kunong'ona ni kubaya zaidi. Mama alikuwa akikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua, akakikunja tena.

Jina la ugonjwa tunaouogopa hakuna aliyelitaja. Sote tunasema "kile kinundu", kama vile ni mgeni asiye na adabu.

Jumatatu, 18 Machi

Amefanyiwa upasuaji leo, na ametoka salama. Nilimwuliza Mama maneno ya mwisho ya Baba kabla ya kuingizwa ndani. Alisema yalikuwa: "Msiiuze ile deki."

Jumatano, 20 Machi

Sikujua kwamba nyumba yetu ina sauti nyingine. Leo nimesikia saa ya ukutani, bomba la jirani, na sindano ya cherehani ikitoboa kitambaa. Baba ana ubao mdogo na chaki. Anaandika kwa herufi kubwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Akitaka tumtazame anagonga meza. Mama amekuwa akizungumza kwa niaba ya wawili, anauliza na kujijibu, na mara nyingine majibu anayompa Baba ni mazuri kuliko ambayo angetoa mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Shangazi amekuja na uso wa kazi. Ameonyesha filamu bila mkalimani na banda limegeuka soko. Kila benchi lilijipa mkalimani wake. Wanawake wawili nusura washikane wakibishania kama yule mwenye kofia ni mke wa mtu au dada yake. Wengine wameanza kwenda banda la upande wa pili wa barabara.

Akasema filamu zote zina maandishi chini ya picha, katika lugha tunayofundishwa shuleni, na kwamba katika nyumba hii yuko mtu mwenye alama nzuri za lugha hiyo. Akawa anatazama dari. Mama akasema hapana, na akaeleza kwa nini hapana, na alipomaliza Baba akagonga meza. Ubaoni aliandika: ANAWEZA.

Mama amekubali Jumamosi na Jumapili, alasiri tu.

Jumamosi, 23 Machi

Nimejaribu. Nilitaka kila sentensi iwe kamili. Kijana mmoja kwenye filamu alichelewa kwa mchumba wake, nami nikasema: "Niwie radhi, mpenzi wangu, kwani nimechelewa kutokana na sababu zisizozuilika."

Kutoka nyuma mtu akauliza, "Jamani, mbona huyu anatusomea taarifa ya habari?"

Banda zima likaangua kicheko. Nilitamani kuingia ndani ya televisheni nikajifiche nyuma ya wale wachumba. Aliyeniokoa ni mzee wa benchi la mbele, anayekuja na mto wake wa kukalia. Anatengeneza saa kwenye kona ya soko na wote humwita Fundi Saa. Hakugeuka nyuma. Alisema tu wamwache mtoto, hata babake alianza na kigugumizi.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimejifunza kwamba jambazi hasemi "tafadhali". Wamecheka mahali walipopaswa kucheka.

Jumanne, 26 Machi

Nukta ameniazima riwaya, inahusu ndugu wawili wasichana na mjomba wao anayeitunza nyumba ya marehemu baba yao, ambayo ufunguo wake umepotea. Namsomea Baba kila nikirudi shuleni. Amekiri ubaoni kwamba hajawahi kumaliza riwaya hata moja maishani, kwa sababu vitabu havimpi nafasi ya kusema. Sasa hana nafasi ya kusema popote, basi anasikiliza. Kila mjomba anapoingia kwenye hadithi Baba anagonga meza. Nikimwuliza sababu anakataa kuandika.

Majibu bado.

Jumamosi, 30 Machi

Nataka kuandika siku hii polepole, maana sijui nilikosea wapi.

Shangazi alichagua filamu ambayo wateja huiomba kila masika. Ni ya mzee mpiga fidla katika mji wa baridi. Mzee huyu amegombana na ulimwengu na ameitundika fidla ukutani. Mkewe anaumwa, anamwomba ampigie wimbo waliouchezea ujanani, naye kwa kiburi anasema kesho. Ile kesho haifiki. Mke anakufa, jeneza linatolewa nyumbani kupitia mlango mwembamba, na mzee anabaki peke yake, anaitungua fidla, anapiga ule wimbo dirishani.

Mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Nilisoma maandishi na kuyatafsiri, na nilijitahidi isiwe taarifa ya habari. Watu walitulia, nikafurahi. Wanaume wanne walipotokea na mzigo wao mlangoni, nikasema: "Jeneza la mkewe linatolewa."

"Jeneza gani?" mama mmoja akauliza. "Hilo ni kabati."

Nilidhani ananitania. Nikasema tena, ni jeneza.

"Kabati la nguo," mwingine akanieleza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia. "Mke amekwenda kwa dada yake kupumzika. Wanampelekea kabati lake."

Nikageuka kwenye picha. Lilikuwa na maua juu. Watu walikuwa wamevaa nyeusi na wanalia. Nikasema, kwa sauti ambayo sasa naisikia ilivyokuwa ya darasani, kwamba maandishi yanasema wazi amekufa.

Nilitarajia wabishe. Walitazamana wao kwa wao, kisha wakanitazama mimi. Fundi Saa akainuka, akachukua mto wake, akatoka kwenye mvua bila kuufunika. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mzee wa kwenye picha alipiga fidla yake mbele ya mabenchi matupu. Shangazi aliingia kutoka mlangoni na kuniuliza nimewafanya nini watu wake.

Nyumbani nilimweleza Baba. Alifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikaogopa. Kumbe anacheka bila sauti, na Mama akaja mbio kumkataza, kwa sababu daktari alikataza kicheko pia.

Alipotulia aliandika, akafuta, akaandika, ubao baada ya ubao. Masika moja ya miaka iliyopita Fundi Saa alikuwa ametoka kumzika mkewe. Siku aliyorudi bandani kwa mara ya kwanza, filamu ilikuwa hiyo. Baba aliliona jeneza linakuja kwenye picha, akamwona Fundi Saa kwenye benchi la mbele, na mdomo wake ukasema kabati. Tangu hapo limebaki kabati.

"Lakini Baba," nikasema, "huo ni uongo."

Akaandika: NDIYO. Akauweka ubao chini, akaenda kulala akiwa amegeukia ukuta.

Jumapili, 31 Machi

Asubuhi walifika muuza mkaa wa sokoni na mkewe, wateja wa bandani. Waliingia kwa hatua fupi, wakakaa ukingoni mwa viti, wakamshika Baba mikono na kumwambia kwamba wako pamoja naye. Baada yao wakaja wawili wengine, halafu familia nzima na watoto waliokwisha kuonywa wasicheze. Viti vikaisha, Mama akaondoa vitambaa juu ya cherehani ili mtu akae hapo. Kila mmoja aliongea kwa sauti ya chini na hakuna aliyegusa chai.

Baba alinitazama mimi, mimi nikamtazama Mama. Muuza mkaa aliomba dua ndefu, akamshukuru Mungu kwa miaka yote ambayo Baba alituburudisha. Alisema "alituburudisha", nami nikasikia jinsi kitenzi kilivyokaa katika wakati uliopita. Mmoja akamwuliza Mama pembeni kama jamaa wa mbali wamekwisha kuarifiwa.

Baba akachukua ubao, akaandika: MIMI MZIMA. Akauinua juu wauone wote.

Mke wa muuza mkaa aliusoma, akaangua kilio. "Maskini," akasema, "anajipa moyo."

Mama ni mpole, lakini leo alisimama katikati ya sebule na mikono kiunoni. Akataka kujua ni nani amewaambia kwamba mumewe anakufa. Wote wakanitazama.

"Binti yake," akasema muuza mkaa. "Jana. Alisema ni jeneza."

Jumatatu, 1 Aprili

Nilipitia kwa Fundi Saa nikitoka shuleni. Kibanda chake kinamtosha yeye na mgeni mmoja mwembamba. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kumkumbusha marehemu mkewe. Aliitoa jichoni lenzi yake ya kutazamia saa na kunitazama kana kwamba nimemwomba radhi kwa sababu ya mvua.

"Wewe unadhani sisi hatuna macho?" akasema. "Lina maua, lina misumari, watu wanalia. Kabati gani linaliliwa hivyo, mjukuu wangu?"

Nikamwuliza, basi kwa nini aliondoka.

Alifuta kioo cha saa ya mtu, akakifuta tena. Akasema tangu siku ile ya kwanza alijua. Kila masika jeneza likifika mlangoni anamsikiliza Baba, na Baba akisema kabati, sauti yake inayumba kidogo, ndivyo anavyojua kwamba Baba amelikwepa jeneza kwa ajili yake. Wenzake kwenye mabenchi wanajua pia. Ndiyo maana wanaiomba filamu hiyo.

"Sasa juzi," akasema, "nakaa, nangoja kabati langu, nasikia jeneza. Tena kinywani mwa mtoto wa Mkalimani. Nikasema, basi. Huko nyumbani kwao makabati yamekwisha. Daktari ameshawaambia." Akaivaa lenzi, akaitoa. "Amesema nini?"

"Bado hajasema. Tunangoja majibu."

"Kwa hiyo bado?"

"Bado."

Alishusha pumzi ndefu hata vipande vidogo vya saa vikaruka juu ya meza, tukapiga magoti wote wawili kuvitafuta. Tulipokuwa huko chini nilimwuliza filamu hiyo ikirudiwa Jumamosi niseme neno gani, jeneza au kabati. Akajibu kwamba yeye ni fundi wa saa, si wa maneno.

Jumatano, 3 Aprili

Nilimwuliza Nukta kama mfasiri anaruhusiwa kubadilisha kifo. Nilitarajia akasirike. Alisema mfasiri akibadilisha jambo, lazima amwachie msikilizaji njia ya kulijua hilo, la sivyo amemwibia. Nikamweleza habari za kabati lenye maua. Alikaa na chaki mkononi, kisha akaniuliza filamu hiyo inaonyeshwa lini tena.

Majibu bado. Mama ameshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la mteja.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilidhani Baba anawaburudisha watu kwa sababu ana kelele nyingi. Leo nilimtazama akisikiliza riwaya, kidevu juu ya ngumi, na nikafikiri kwamba huenda miaka yote alikuwa anawatazama wao kuliko alivyoitazama televisheni.

Jumamosi, 6 Aprili

Banda lilijaa hadi mlangoni. Shangazi alisema hawakuja kutazama filamu, wamekuja kumtazama Baba. Naye alikuja, na skafu shingoni, akakaa benchi la mwisho ili ithibitike kwamba ni mzima. Watu waligeuka kumwangalia mara kwa mara kama wanaohakikisha jiko halijazimika. Yeye akawapungia mkono.

Kabla ya kuanza nilisimama mbele. Niliwaambia kwamba juma lililopita nilitafsiri yaliyoandikwa, na sikuwa natangaza habari za nyumbani. Nikawaambia kweli yote niliyo nayo: kinundu kimepimwa, majibu hayajarudi, hatujui. Nilisema, "Tukijua, mtajua." Muuza mkaa akasema hiyo ni haki.

Nikatafsiri vizuri, nadhani. Mke alipomwomba mumewe ampigie wimbo na mume akasema kesho, mtu mmoja akafyonza kwa hasira kutoka nyuma. Halafu wale wanaume wanne wakatokea mlangoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno kadhaa, nami nikayaona yote hayafai. Nikafunga mdomo. Jeneza likaanza kupita, na hakuna aliyesema kitu.

Ni Fundi Saa aliyesema, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayetaja saa: "Hilo ni jeneza." Akaendelea kutazama.

Mzee wa kwenye picha akabaki peke yake, akaitungua fidla. Hapo ndipo nilipotambua jambo. Baba hanyamazi kamwe mbele ya watu. Anaamini mteja aliyelipa kiingilio akikaa kimya ameibiwa, kwa hiyo muziki unapoanza yeye huusimulia: sasa anapiga, sasa anamkumbuka, sikilizeni anavyopiga. Miaka yote hiyo wimbo ule ulikuwa chini ya sauti yake. Hakuna aliyewahi kuusikia.

Mvua ilikuwa imepungua, kwenye mabati yakabaki matone machache. Wimbo ulianza vibaya, kwa makosa, kama mkono uliosahau. Ulisimama, ukarudi mwanzo. Mara ya pili ulifika mbali kidogo, na mara ya tatu haukusimama tena, ulikwenda ukipanda hadi mahali ambapo nilitaka uishie, nao haukuisha, ukageuka na kushuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amembeba mtoto aliyelala. Sijui muziki. Nimeandika nilichosikia.

Nilipogeuka, mke wa muuza mkaa alikuwa amemshika mkono jirani yake, yule yule waliyegombana naye kuhusu mwenye kofia. Nukta alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli, ameivua miwani. Fundi Saa alikuwa ameukumbatia mto wake kifuani na machozi yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. Filamu ilipokwisha aliniambia asante, nikasema sikusema kitu, akasema ndiyo.

Baba aliandika nyumbani: SIKUJUA WIMBO ULE NI MREFU HIVYO. Akaongeza chini: NILIKUWA NAWAKATIZA.

Jumatano, 10 Aprili

Majibu yametoka.

Tuliitwa sote watatu. Korido ilikuwa na watu wengi na harufu ya dawa ya sakafu. Mama alitembea mbele akiwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Daktari alikuwa na karatasi, akaisoma kwanza kimoyomoyo, jambo ambalo daktari hapaswi kulifanya mbele ya watu, kisha akasema ni kinundu cha kawaida, cha mtu anayepiga kelele sana, na hakuna kitu kibaya ndani yake.

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Mama akamwomba aseme tena kwa maneno mengine.

Baba alifungua mdomo kupiga ukelele. Niliona unavyokuja, kutoka miguuni. Alijiziba kwa mikono yote miwili, na Mama akaruka akamwekea mkono wake juu, wakasimama hivyo mbele ya daktari, macho ya Baba yametoka kama ya samaki, naye daktari akacheka hata akaangusha ile karatasi.

Nje Mama aliketi kwenye ngazi za hospitali, katikati ya njia, watu wakampita kushoto na kulia. Kitambaa cha kichwa kilimwangukia begani na hakukirudisha. Alicheka kidogo, akanyamaza, akacheka tena. Mvua ilianza na hatukufungua mwavuli. Tulitembea hadi nyumbani tumelowa chapachapa, na Baba akawa anapiga makofi kila tunapokutana na mtu tunayemfahamu, ili asimame tumweleze.

Shangazi alipoambiwa alimkaripia Baba kwa kutusumbua wote, akataja na makosa ya utotoni, kisha akatoka kuanika kitu nje, kwenye mvua. Tulimwacha huko mpaka alipomaliza kulia.

Alhamisi, 11 Aprili

Muuza mkaa amekuja kusema kwamba dua yake imejibiwa, ingawa aliomba jambo jingine. Leo alikunywa chai, vikombe vingi.

Jumanne, 16 Aprili

Nimewaeleza wenzangu darasani Baba ni mkalimani wa aina gani. Wanataka kujua kama watoto wa mkalimani wanaingia na marafiki bure.

Jumamosi, 27 Aprili

Filamu ya vichekesho. Jambazi wangu amesifiwa na Shangazi, ambaye hasifu.

Jumatatu, 6 Mei

Leo ndiyo siku aliyoruhusiwa. Majuma haya mawili mtaalamu wa sauti amekuwa akimfundisha kuvuma "mmm" midomo ikiwa imefungwa, na nyumba ikawa kama mzinga wa nyuki. Leo, alisema mtaalamu, Baba aseme maneno machache, kwa utulivu, na kwamba sauti itakayotoka ndiyo atakayokuwa nayo. Kelele asipige tena maishani.

Mama alivaa gauni jipya alilojishonea na hakusema kwamba ni jipya. Shangazi alikaa karibu na mlango kwa mazoea. Baba akanywa maji. Akafunga macho, akavuma kidogo, akayafungua.

"Ufunguo wa ile nyumba," akasema, "anao mjomba."

Hatukuelewa.

"Kwenye riwaya," akasema. "Tangu sura ya pili. Anawadanganya wale wasichana. Nimekaa na neno hili tumboni msimu mzima."

Sauti ilikuwa ndogo, nzito, kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Haikuwa ile ya zamani hata kidogo. Lakini ilikuwa ya Baba, maana hakuna mwingine ambaye angesema hivyo.

Mama akauliza kama ndiyo kusema amengoja majuma yote hayo, na kukosa usingizi, na kuharibu gauni la mteja, ili neno la kwanza apewe mjomba wa kwenye kitabu.

Baba akalitazama gauni. "Na wewe umependeza," akasema.

Mama akaenda jikoni ghafla. Mimi nilikuwa nimekwisha kuisoma riwaya hadi mwisho kwa siri. Ufunguo anao dada mkubwa. Sikumwambia.

Jumapili, 12 Mei

Jua siku nzima. Sare imekauka.

Jumamosi, 18 Mei

Baba amerudi bandani. Tumegawana: mimi natafsiri watu wote wanaopiga kelele, yeye wengine. Kipaza sauti bado hakifai. Fundi Saa alijaribu kukitengeneza na sasa kinapiga filimbi.

Filamu ilianza kwa mzee anayemwandikia binti yake. Baba akasema sentensi ya kwanza kwa ile sauti yake mpya, na kutoka nyuma wakasema hawasikii. Nikaona mkono wake umeshika ukingo wa kiti. Niliogopa kwamba atajaribu kuipandisha. Hakujaribu. Alisema sentensi ya pili vile vile, kwa sauti ile ile.

Kukawa na mkwaruzo. Watu wa benchi la nyuma walikuwa wamesimama, nikadhani wanaondoka. Walilibeba benchi lao, wakalileta mbele, wakaliweka mahali palipokuwa na nafasi. Waliofuata wakafanya hivyo pia, magoti yakagusa migongo, mke wa muuza mkaa akamwambia mtu asogeze kichwa chake kikubwa. Baba aliwangoja. Nusu ya nyuma ya banda ikabaki tupu na sisi wote tukawa tumebanana mbele ya televisheni.

Shangazi alichungulia kutoka mlangoni na kulalamika kwamba huko hakusikiki kitu. Akaufunga mlango, akaja na kuketi sakafuni, mbele ya benchi la kwanza, karibu na miguu ya kaka yake, na Baba akaendelea.